Watoto wa Laini, Kutoka Kitale Hata Bungoma

Mtu atokaye Kitale asubuhi kwenda Bungoma huona mashamba kabla ya kuona watu. Mkono wake wa kulia ni mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, nao mara nyingi huwa umejitanda mawingu hata jua likiwa limekwisha panda. Mkono wake wa kushoto ni mahindi, na baada ya mahindi ni mahindi tena. Barabara hupita Kiminini na Kamukuywa, ikafika Webuye penye maporomoko ya mto Nzoia, kisha ikageuka kuelekea magharibi hata Bungoma. Ni safari isiyokula nusu ya siku, na wasafiri wengi huimaliza wakizungumza habari za mvua na bei ya mbolea.

Lakini njia hii ina habari nyingine ambayo haionekani dirishani. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, katika nchi hii iliyo kati ya Kitale na Bungoma, wamelelewa watoto wa askari. Wengine walikuwa watoto wa maofisa wa Kiingereza. Wengine walikuwa watoto wa askari wa Kisudani, ambao leo huitwa Wanubi. Na wengine walikuwa watoto wa Wabukusu na jirani zao waliotumika katika jeshi la K.A.R., ambalo watu waliliita Keya. Makundi haya matatu hayakula sahani moja wala hayakusali nyumba moja. Hata hivyo yalifanana kwa jambo moja: kila kundi liliwalea watoto wake kama watoto wa nyumba moja, kwa kuwa baba zao walikuwa wamelala pamoja mahali penye hatari. Nayo yalitofautiana kwa jambo moja, yaani kile alichopewa baba siku alipoweka bunduki chini. Yafaa kuyatazama mambo hayo mawili pamoja, maana la pili ndilo lililoamua mwisho wa la kwanza.

KITALE, MJI WA MAOFISA WAKULIMA

Husimuliwa kwamba zamani Kitale palikuwa kituo cha misafara ya pwani, na kwamba watumwa walifungiwa mahali ambapo baadaye palijengwa klabu ya Wazungu. Mji wenyewe, lakini, ulianza baada ya vita vya 1914–1918. Katika mwaka 1919 Serikali ilifanya mpango wa kuwapa mashamba Wazungu waliotoka vitani. Majina yao yalipigiwa kura, mengine Nairobi na mengine London, na yule ambaye jina lake lilitoka mapema alichagua shamba lake mapema. Mengi ya mashamba hayo yalikuwa Laikipia na huku Trans Nzoia. Ardhi haikuwa tupu. Wasabaoti walikuwa wakichunga ng'ombe zao hapo, na watu wengine wa kandokando waliijua kwa malisho na kwa njia zake. Lakini kura haikuwauliza.

Wageni hao walikuja kwa magari ya kukokotwa na maksai, kwa kuwa reli haikufika Kitale hata mwaka 1926. Wengi walianza katika vibanda vya nyasi kama watu wote. Aliyekuwa Kapteni au Meja vitani aliendelea kuitwa hivyo shambani, hata akiwa na matope magotini na deni benki. Jirani aliyekaa mbali kwa mwendo wa saa mbili alihesabiwa kuwa jirani wa mlango wa pili. Mtoto alikua akijua ni nani aliyekuwa pamoja na baba yake vitani, na ni nani asiyepaswa kuulizwa habari za mguu wake wa mti. Mama mmoja akiugua, watoto wake walipelekwa nyumba nyingine wala hapakuwa na maneno mengi.

Alama moja ya wanajeshi hao imebaki wazi kwa kila mtu. Kanali Stoneham, aliyekuwa mpenzi wa wadudu, ndege na vitabu, alianzisha jumba lake la makumbusho mwaka 1926. Alifariki mwaka 1966, na mkusanyo wake ukawa msingi wa jumba la makumbusho la Taifa lililofunguliwa Kitale mwaka 1974. Mtoto wa shule anayeingia humo leo, awe Mbukusu, Msabaoti au Mturkana, husimama mbele ya vipepeo vilivyochomwa pini na mkono wa askari.

Basi watoto wa maofisa walikuwa na undugu, na chini ya undugu huo palikuwa na hati. Shamba lilikuwa la baba, nalo lilikuwa na mipaka, namba na muhuri. Mtoto alilala usingizi mzuri bila kujua kwamba hati hiyo ndiyo iliyokuwa godoro lake.

Askari Mwafrika aliyepigana vita ile ile hakutiwa katika kura. Wala mpagazi wa Kariakor hakutiwa, ingawa wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Waliorudi walikuta sheria ya kipande, na kuanzia mwaka 1920 mwanamume mzima alitakiwa kukichukua shingoni katika kikopo cha bati. Watu wawili walitoka katika vita moja: mmoja akapewa karatasi ya kumiliki, mwingine akapewa karatasi ya kumilikiwa.

JESHI LILILOKUWA MJI

Ili kufahamu watoto wa kundi la pili, lazima kurudi nyuma hata mwaka 1891. Katika mwaka huo Kapteni Lugard alifika Kavalli, karibu na ziwa Albert, akakuta mabaki ya jeshi la Emin Pasha chini ya mkubwa wao Selim Bey. Hawa walikuwa askari wa Misri waliokatiwa njia ya kurudi kwao na vita vya Mahdi wa Sudan. Kwa asili walikuwa watu wa makabila mengi ya kusini ya Sudan na nchi za jirani. Lugard aliwaandika kazi. Askari wenyewe walikuwa mia sita hivi, lakini nyuma yao walifuata wanawake, watoto, wazee na watumishi kwa maelfu. Kwa kweli lilikuwa si jeshi tu. Lilikuwa mji unaotembea, wenye vyungu, mbuzi, vitanda na watoto mgongoni.

Serikali ya siku zile haikulifahamu jambo hilo vema. Katika mwaka 1897 askari hao waliamriwa kufanya safari nyingine ndefu kwenda kaskazini, nao walikuwa wamechoka kwa safari zisizokwisha. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na waliambiwa wawaache wake zao nyuma. Walikataa karibu na Eldama Ravine, na ugomvi huo ukawa uasi mkubwa ulioenea hata Busoga na kumaliza maisha ya watu wengi kabla ya kutulizwa mwaka 1898. Sababu zake zilikuwa kadha wa kadha, lakini moja ilikuwa hii: askari hakukubali kutenganishwa na nyumba yake.

Jeshi la K.A.R. lilipoundwa mwaka 1902, wake na watoto waliendelea kukaa pamoja na askari katika laini. Na kando ya boma, askari waliokwisha maliza kazi walijenga mtaa wao, ambao Wanubi waliuita malakiya. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vijiji vya Kibera, Kibos, Mumias na Eldama Ravine. Na baadaye, reli na kazi za Serikali zilipofika, zikapatikana nyumba zao katika miji ya huku pia, Kitale na Bungoma.

MAISHA YA LAINI

Mtoto wa laini aliamka kwa tarumbeta kabla ya jogoo wa jirani. Nyumba zilijengwa kwa safu, zote kwa kipimo kimoja, na mtoto mdogo aliyetoka kucheza giza likiingia aliweza kuingia nyumba si yao, akakaa, akala, ndipo akatambua kwamba mama huyu si mama yake. Hakufukuzwa. Aliambiwa amalize chakula. Kila mwanamume aliyevaa nguo za Serikali alikuwa baba, na kila mwanamke wa safu ile alikuwa mama, mwenye ruhusa ya kutuma, kusifu na kuchapa. Mtoto aliyevunja mtungi mwanzo wa safu alikuta habari zimekwisha fika mwisho wa safu kabla yake.

Posho iligawanywa kwa siku yake. Mwenye watoto wengi alipungukiwa mapema, na mwenye wachache alijua bila kuambiwa. Askari walipokwenda safari, laini ilibaki ya wanawake. Hapo mke wa mkubwa alikuwa na kazi kama ya mumewe: alipatanisha, alipeleka mgonjwa hospitali, alihesabu watoto jioni. Na habari mbaya ilipokuja, haikuja kwa mtu mmoja. Karani au mkubwa alionekana akija kwa miguu katikati ya safu na karatasi mkononi, na wanawake wote walisimama milangoni wakitazama ni mlango gani atakaosimama. Aliyepita alimshukuru Mungu, kisha akaona haya kwa kushukuru, akatoka kwenda kulia pamoja na mwenziwe.

Lugha ya laini ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa Mkamba, Mnandi, Mluo na Mluhya wasingeweza kusikilizana kwa njia nyingine. Watu wa pwani walikicheka Kiswahili hicho, wakakiita Kikeya, maana kilikuwa kifupi na kikavu kama amri ya gwaride. Lakini watoto waliokulia ndani yake waliweza kukaa na mtu ye yote. Vyeo vyake vilikuwa vimesafiri mbali: ombasha, shaushi na bulukamini vilitoka katika jeshi la Waturuki, vikapita Misri na Sudan, vikafika Afrika ya Mashariki midomoni mwa askari hawa. Vingi vimekwisha sahauliwa, lakini kimoja ki hai. Polisi wa leo anapomwita mkubwa wake "afande," hutamka neno lililoletwa na mji ule uliotembea.

Katika malakiya mambo yalikuwa yayo hayo, ila yaliongezwa dini ya Kiislamu, lugha ya Kinubi na kazi za mikono ya akina mama. Wanawake walivaa gurbaba, wakasuka tabaga, yaani kawa za rangi nyingi za kufunikia chakula, na siku ya arusi walicheza ngoma ya doluka hata usiku wa manane. Msichana wa Kitale aliweza kuposwa na kijana wa Kibera, na wa Bungoma akaolewa Bombo katika Uganda, kwa maana babu zao walikuwa wa kikosi kimoja. Undugu haukufuata mipaka ya wilaya. Ulifuata kambi walizopita wazee.

Kulikuwa na kasoro moja kubwa, nayo msomaji aitie moyoni. Nyumba ya laini haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya namba ya askari. Siku baba alipomaliza miaka yake, au alipokufa, namba ilifutwa na nyumba ikatakiwa. Mjane alifunga mizigo, na safu nzima ikamsindikiza hata kituo cha reli. Kwa Mkamba au Mnandi jambo hilo lilikuwa gumu lakini lilikuwa na mwisho, kwa kuwa alikuwa na reserve ya kwao, na shamba, na kaburi la babu yake. Mnubi alipandwa na swali moja tu kichwani: arudi wapi?

CHETAMBE, MLIMA WENYE KUMBUKUMBU

Msafiri aliyepita Kamukuywa na kukaribia Webuye huona kilima kirefu chenye mawe. Hicho ni Chetambe, nacho hakisahauliwi na Wabukusu. Katika mwaka 1894 kikosi kidogo cha askari wa Kisudani kilitumwa kutoka Mumias kwenda kudai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, nacho kiliuawa karibu chote. Mwaka uliofuata, 1895, Bwana Hobley aliongoza jeshi lenye Wasudani, Waganda, Wamasai na watu wa Mumia. Walipiga kwanza ngome ya Lumboka, karibu na mahali ulipo mji wa Bungoma leo, kisha ngome ya Chetambe. Wabukusu walipigana kwa mikuki na mishale nyuma ya ukuta wa udongo na handaki, nao walishindwa kwa bunduki ya mzinga, wakafa wengi.

Mtoto wa Kibukusu aliyekimbizwa mgongoni kutoka Lumboka, na mtoto wa askari wa Kisudani aliyemngoja baba yake Mumias, walikuwa rika moja. Huyu aliogopa baba wa yule, na yule alifundishwa kwamba watu wa huyu ndio waliowaua rafiki za baba. Wala haikupita miaka ishirini kabla ya vijana wa nyumba zilizopigwa Chetambe kutumika chini ya bendera ile ile iliyowapiga. Ndivyo ilivyokuwa nchi hii: mtu hakuchagua vita vyake, ila aliweza kuchagua atakavyokaa na jirani yake baadaye. Leo wajukuu wa pande zote mbili huuza na kununua katika soko moja la Bungoma, na ni wachache wanaokumbuka kwamba kulikuwa na deni la damu kati yao.

BUNGOMA, NYUMBANI KWA WATU WA BAMA

Bungoma ni mji wa reli, uliokua tangu njia ya Uganda ilipopita hapo katika miaka ya 1920. Siku hizo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya North Kavirondo; mwaka 1956 ikatengwa kuwa wilaya ya Elgon Nyanza, na sasa mji huo ni makao makuu ya kaunti ya Bungoma. Hapa ndipo lilipo kundi la tatu la watoto wa askari, na hawa hawakulelewa katika laini. Walilelewa nyumbani, na baba zao ndio waliokwenda mbali.

Katika vita vya 1939–1945 karibu watu laki moja wa Kenya walitumika jeshini. Wengi wa nchi hii walifika Bama, kama walivyoiita Burma. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na malaria, ikafika Kalewa penye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Huku nyumbani, wake wa askari walikwenda kupokea sehemu ya mshahara iliyotumwa na waume zao. Walikwenda kwa makundi, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu na fedha huleta wezi. Barua ilipofika ilisomwa na mtoto wa shule, mbele ya watu wote, hata maneno ambayo mume hakuyakusudia kwa watu wote. Mtoto huyo msomaji alijua siri za kijiji kizima, naye alifunzwa kunyamaza mapema. Huo ndio uliokuwa ukarani wake wa kwanza.

Wabukusu wana desturi iliyofanana na ya jeshi tangu zamani. Vijana waliotahiriwa msimu mmoja huitwa bakoki, nao ni ndugu mpaka kufa. Mmoja hawezi kumnyima mwenziwe chakula wala kumkwepa penye msiba. Askari waliorudi kutoka Bama walitiana katika undugu wa namna hiyo, hata wale ambao hawakuwa wa kabila moja. Walitembeleana siku ya Jumapili, wakaitana Sajini na Koplo, na watoto waliokaa miguuni pao walisikia majina ya mito ya Asia kabla ya kujifunza majina ya mito ya Kenya. Katika viwanja vya nyumba watoto walipiga gwaride kwa mabua ya mahindi, na mzee aliyewatazama aliwasahihisha mguu.

Wengine walifungua maduka na mashine za kusaga unga kwa fedha walizoweka. Lakini ardhi hawakupewa. Serikali ilifungua tena mpango wa mashamba baada ya vita vya pili, na mara hii pia ulikuwa wa Wazungu. Askari wa Bama aliyehitaji shamba kubwa zaidi kuliko kipande cha baba yake aliweza kwenda Trans Nzoia, lakini si kama mwenye shamba. Alikwenda kama skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka kwa ruhusa ya kukaa na kulima, na baadaye siku ziliongezwa. Basi ikawa katika shamba moja mtoto wa ofisa na mtoto wa askari walikua wakionana kila siku, na baba zao wote wawili walikuwa na medali za vita moja. Medali ya mmoja ilining'inia ukutani juu ya hati. Medali ya mwingine ilifungwa katika kitambaa, ndani ya sanduku, pamoja na kipande.

MWISHO WA KILA KUNDI

Sasa tunaweza kuuliza kila kundi lilifikia wapi.

Maofisa wa Kitale walikuwa na hati zilizo bora kuliko zote, lakini jamii yao ndiyo iliyokwisha upesi. Uhuru ulipofika mwaka 1963, wengi waliuza mashamba yao, wakaenda Uingereza, Afrika ya Kusini au Australia. Katika muda wa miaka michache watoto waliokulia pamoja kwa miaka arobaini ya baba zao walitawanyika duniani. Hati ilikuwa imewaweka, lakini haikuwatia mizizi.

Watoto wa askari wa Bama hawakuwa na hati, ila walikuwa na kwao. Walipoona mashamba ya Trans Nzoia yanauzwa, walichanga fedha kwa makundi, kwa kampuni na kwa vyama vya ushirika, wakanunua. Wengine waligawana nyumba za maofisa vyumba kwa vyumba mpaka kila mmoja alipojenga yake. Uzoefu wa kuaminiana ulioletwa kutoka jeshini ulisaidia sana, maana si jambo jepesi kumkabidhi mtu mwingine akiba ya miaka kumi. Ndiyo sababu leo mtu wa Bungoma anayekwenda Kitale mara nyingi haendi ugenini. Anakwenda kwa ndugu yake.

Wanubi hawakuwa na hati wala kwao kwa zamani. Walibaki na undugu wao tu, na undugu huo uliwashika imara. Lakini undugu bila karatasi ulikuwa na taabu yake. Kibera ilipangwa rasmi mwaka 1918 kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197, na wazee waliamini kwamba ni yao. Hawakupewa hati. Mji wa Nairobi ulikula ardhi hiyo mwaka baada ya mwaka, na hati ya jamii ilipotolewa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Kadhalika, kwa miaka mingi kijana Mnubi aliyetaka kitambulisho, awe wa Kibera au wa mji mwingine, alipelekwa mbele ya kamati ya kumchunguza, akaulizwa karatasi za baba na za babu yake, wakati rafiki yake wa darasa moja alipewa chake bila maswali hayo. Bila kitambulisho hakuna kazi, hakuna benki, hakuna kura. Katika mwaka 2009 Wanubi walihesabiwa kwa jina lao katika hesabu ya watu wa Kenya. Na mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa hukumu kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kutowaandika kuwa raia tangu kuzaliwa. Ilikuwa imepita miaka mia moja na ishirini tangu babu zao walipoandikwa kazi Kavalli. Kuandikwa kuwa askari kulichukua siku moja. Kuandikwa kuwa wananchi kulichukua vizazi vinne.

Jambo hili lina mafunzo kwa kila nyumba yenye askari, si kwa Wanubi peke yao. Watu husema kwamba wazee wa jeshi walipenda mno karatasi zao, na watoto hucheka wanapomwona babu akifungua sanduku na kukunjua cheti cha kuachishwa kazi kilichochanika katika mikunjo. Wasicheke. Mara nyingi katika miaka iliyopita cheti kama hicho, chenye namba, jina na tarehe, ndicho kilichosimama mbele ya karani kumtetea mjukuu. Na mara nyingi zaidi kilikuwa kimekwisha liwa na mchwa. Aliye na baba au babu aliyetumika, na amwulize angali hai: namba yake ilikuwa ngapi, kikosi gani, alitoka mwaka gani, na jirani zake wa laini walikuwa nani. Aandike katika daftari, na karatasi zenyewe azitie mahali pakavu.

Jioni, mabasi yanaporudi Kitale kutoka Bungoma, Masaba huwa umevua mawingu na huonekana wote, pamoja na mabonde yake. Barabarani hupita watoto wa shule, wa makabila yote, wakienda nyumba ambazo baadhi yake zina hati na baadhi hazina. Ni watoto wa watu waliolelewa na safu nzima, na safu ilifanya kazi yake vema: iliwalisha, iliwachapa, iliwalilia. Yaliyobaki ni kazi ya daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na mtu naye, asipoandikwa, aweza kuishi miaka mia mahali pamoja na bado akaulizwa ametoka wapi.